Tunawalilia wazee wa kwenye filamu, wazee wetu tunawaambia "mwezi ujao"

  

Ndugu msomaji, mada yangu ya wiki hii huenda ikakushangaza. Mimi ni mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, na wanaonifahamu wamezoea kunisikia nikieleza twahara, swala, funga na mirathi. Leo nataka kuzungumzia filamu. Tena sizungumzii zile ambazo sote tunazikemea. Nazungumzia zile ambazo zimenitoa machozi mimi mwenyewe, filamu kutoka bara la Asia na za watu wa Asia wanaoishi ughaibuni.

Niweke jambo moja wazi mapema ili nisije nikaeleweka vibaya. Sikusudii kutoa fatwa ya kuhalalisha kila kinachooneshwa kwenye televisheni. Filamu nyingi za Kihindi zimejaa ngoma, mavazi yasiyo na stara na ibada za masanamu, na Muislamu anajua hukumu ya mambo hayo. Aliyeamua kuzifungia mlango kabisa nyumbani kwake, Allah (SW) amlipe kheri kwa nia yake. Lakini tusidanganyane. Katika miji yetu, nyumba ambazo filamu hizi hazijaingia ni za kuhesabu, na wanaozilia si watoto peke yao. Wanazilia mama zetu, wake zetu, na sisi wenye kanzu na kofia pia, ila sisi tunajifanya mafua yametubana. Swali langu leo ni moja tu: tukishamaliza kulia, tunafanya nini?

Kilio cha tangu utotoni

Mama yangu ni mtu wa Pangani. Katika usichana wake aliishi kwa shangazi yake mjini Tanga, na huko ndiko alikoiona filamu ya "Mother India". Filamu ile ilitengenezwa mwaka 1957 na Mehboob Khan, na mwigizaji wake mkuu ni Nargis. Inamuhusu mama wa kijijini anayelea wanawe kwa dhiki, mume ameondoka na mkopeshaji anamwandama, mpaka mwisho anampiga risasi mwanawe mwenyewe kwa sababu amevunja heshima ya binti wa watu. Mama anasema wanawake walitoka sinema siku ile macho mekundu, na wengine walirudi kuiangalia tena na tena, wakajua mahali pa kulia kabla hapajafika. Kihindi hawakijui, lakini walielewa kila kitu.

Mimi nami nilipata yangu. Mwaka 2003 ilitoka filamu iitwayo "Baghban", neno lenye maana ya mtunza bustani. Nilikuwa kijana wa sekondari, na niliiona kwenye kibanda cha video, tumebanana kwenye mabenchi, jasho linatutoka. Kwa wachache ambao hawaijui, nitaisimulia kwa ufupi. Mzee mmoja, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, anastaafu kazi ya benki. Yeye na mkewe, aliyeigizwa na Hema Malini, wana watoto wanne wa kiume, na kila walichochuma wamekimalizia kwa watoto hao. Sasa wanataka kwenda kuishi na wanao. Wale vijana wanakaa kikao wao kwa wao, na hakuna anayetaka kuwabeba wazazi wote wawili. Wanapitisha uamuzi kwamba baba aende kwa mmoja na mama aende kwa mwingine, na baada ya miezi sita wabadilishane. Yaani wazee waliooana miaka arobaini wanatenganishwa kama vyombo vya ndani vinavyogawanywa.

Huko kwa watoto ndiko dhiki inakoanzia. Mzee anagombezwa kwa sababu mashine yake ya kuchapa inapiga kelele usiku. Miwani yake inavunjika, na mwanawe anaahirisha kuitengeneza kwa sababu ya matumizi ya mwezi. Mama naye anadharauliwa mbele ya mjukuu. Wanabaki wanazungumza kwa simu, mmoja huku na mwingine kule. Anayekuja kuwaokoa ni kijana yatima ambaye yule mzee alimsomesha. Wale wanne wa damu hawakuonekana.

Kile kibanda kizima kililia. Kijana mmoja aliyekuwa akiogopwa na mtaa mzima alifunika uso kwa kofia yake. Nilitoka pale nikiapa moyoni kwamba mimi, wallahi, sitakuja kuwa kama wale watoto.

"Yule keshalipwa"

Sasa nisimulie ya kwangu, na naomba msomaji aniwie radhi, kwani anayewausia watu hana budi kuanza na nafsi yake.

Marehemu baba alipofariki, sisi watoto tulimchukua mama kutoka Pangani. Mmoja wetu yuko Muscat, yeye alisema atatuma fedha. Tuliobaki ni watatu: dada yangu yuko Mbagala, kaka yuko Morogoro, na mimi hapa Dar es Salaam. Tulikaa kikao na tukakubaliana vizuri kabisa, bila ugomvi wowote, kwamba mama atakaa miezi mitatu kwa kila mmoja. Tulijipongeza. Tuliona tumefanya insafu, maana hakuna aliyebebeshwa mzigo peke yake. Hilo neno "mzigo" hatukulitamka, lakini ndilo tuliloligawa.

Mwaka jana, zamu yangu ilipokwisha na mama yuko tayari kwenda kwa dada, aliniomba jambo moja. Dada yake mkubwa, ambaye sisi tunamwita mama mkubwa, alikuwa Pangani na hawezi tena kusafiri. Mama alitaka nimpeleke akamuone. Ilikuwa kabla ya Rajabu. Nikamwambia, "Inshallah mama, mwezi ujao." Mwezi ule nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Uliofuata nilikuwa na ada za watoto. Kisha ikaingia Ramadhani, ikaja Idi. Kwa miezi sita mama alikuwa kwa dada na baadaye kwa kaka, na kila tulipozungumza kwa simu alinikumbusha kwa upole, nami nikamjibu kwa maneno yale yale. Neno "inshallah" nililigeuza kuwa njia ya kukataa kwa adabu.

Ilipofika Muharram mama akarejea kwangu. Usiku mmoja baada ya Isha, familia ilikuwa sebuleni na televisheni ikawa inaonesha "Baghban" ile ile, safari hii imetiwa sauti ya Kiswahili. Nilikaa nikaangalia. Ilipofika pale mzee anashika miwani iliyovunjika, na mwanawe anaahirisha, kitu kilinikaba kooni. Machozi yalinitoka mbele ya watoto wangu.

Mama alikuwa ameketi pembeni na tasbihi yake. Akanitazama, akacheka kidogo, akaniambia, "Futa machozi, baba. Yule anaigiza tu. Yule keshalipwa."

Hakuongeza neno, na sidhani kama alikusudia kunichoma. Lakini usiku ule sikulala. Nilijiuliza: mzee wa Bombay, ambaye si baba yangu, ambaye miwani yake haikuvunjika kweli, nimemlilia mara mbili katika umri wangu. Mama yangu mzazi amekaa hatua tatu kutoka nilipo, ana haja ya kweli, nami nimempa nini zaidi ya "mwezi ujao"?

Machozi katika Qur'an

Ndugu msomaji, kulia si aibu katika dini yetu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (SAW) alipompakata mwanawe Ibrahim akiwa anakata roho, macho yake yalibubujika machozi. Abdurrahman bin Awf (RA) alishangaa, na Mtume (SAW) akamfahamisha kwamba hiyo ni rehema. Akabainisha kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Na Muslim amepokea kwamba Mtume (SAW) alipozuru kaburi la mama yake alilia mpaka akawaliza waliokuwa pamoja naye. Moyo usiolia kabisa ni moyo wa kuutilia shaka.

Lakini Qur'an inatufundisha kuwa machozi si ya aina moja. Tazama Sura Yusuf peke yake. Katika aya ya 84 tunamuona Nabii Yaqub (AS) macho yake yamekuwa meupe kwa huzuni ya kumlilia mwanawe. Hayo ni machozi ya kweli. Lakini rudi nyuma hadi aya ya 16, utawakuta ndugu zake Yusuf wakimjia baba yao wakati wa usiku, nao pia wanalia. Wametoka kumtupa ndugu yao kisimani, na wamekuja na kanzu yenye damu ya uongo. Machozi ya Yaqub na machozi ya wanawe yote ni maji yanayotoka machoni. Ukiyaweka kwenye kikombe huwezi kuyatofautisha. Kinachoyatofautisha ni kile kilichotendwa kabla yake na kitakachotendwa baada yake.

Kisha nenda Sura Tawba, aya ya 92. Allah (SW) anawataja masahaba masikini waliomwendea Mtume (SAW) kuomba vipando ili watoke katika njia ya Allah, akakosa cha kuwapandisha. Wakarudi macho yao yakimiminika machozi kwa huzuni ya kutokuwa na cha kutoa. Wale walilia baada ya kwenda, baada ya kuomba, baada ya kukosa njia. Mimi nililia kwenye kochi, nauli ninayo.

Hapa ndipo ilipo hatari ya filamu ambayo hatuizungumzi. Tunazungumza sana kuhusu nyimbo na mavazi, na ni haki kuyazungumza. Lakini kuna hatari nyingine ya siri zaidi: filamu inaweza kukufanya ujione una moyo laini, ukatosheka na hapo. Umelia, umepumua, umejiona mtu mwema, umelala. Deni la mama liko pale pale.

Mwanamke wa Tokyo aliyelia sana

Baada ya usiku ule nilimsimulia mwalimu mwenzangu, naye akaniletea filamu ya Kijapani ambayo sikuwahi kuisikia, iitwayo "Tokyo Story". Ni ya zamani, ya mwaka 1953, na aliyeitengeneza ni Yasujiro Ozu. Haina rangi, haina ngoma, na mtu aliyezoea filamu za mapigano anaweza kusinzia. Mimi sikusinzia.

Mzee na mkewe wanatoka mji wa Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Mtoto wa kiume ni daktari, wa kike ana saluni. Hawa si watoto waovu. Hawatukani, hawapigi kelele. Wana shughuli tu. Daktari anapotaka kuwatembeza anaitwa kwa mgonjwa. Yule wa saluni anaona wazee wamekaa siku nyingi, basi yeye na kaka yake wanachanga fedha, wanawapeleka wazee kwenye hoteli ya mapumziko huko Atami. Kwa nje ni zawadi, kwa ndani ni kuwaondoa njiani. Hotelini kuna vijana wanapiga kelele usiku kucha, wazee hawapati usingizi, wanaamua kurudi. Anayewajali kwa dhati ni Noriko, mke wa mtoto wao aliyekufa vitani. Anaomba ruhusa kazini, anawatembeza mji mzima, na bibi analala kwenye chumba chake kidogo.

Wazee wanarudi kwao, na haupiti muda mama anaugua na kufariki. Watoto wanakuja, na mmoja anafika mama keshakata roho. Yule binti wa saluni analia kwa uchungu mkubwa. Kisha, mazishi yamekwisha na watu wako mezani wanakula, anaanza kuulizia nguo za mama yake, kwamba ipi na ipi angependa kuichukua yeye.

Ndugu zangu, ni matanga mangapi tumehudhuria yaliyo hivi hivi? Mtu analia mpaka anashikwa asianguke, na kabla arobaini haijafika ameshauliza hati ya nyumba iko wapi. Mirathi ni haki, na Allah (SW) mwenyewe ameigawa katika Sura Nisaa. Sipingi mtu kudai fungu lake. Ninachosema ni kwamba kilio cha msibani hakiwezi kulipa ziara ambazo hukuzifanya.

Na lililoniuma zaidi ni kwamba watu wale si Waislamu, hawana Sura Bani Israil mikononi mwao, na bado aliyetengeneza filamu ile ameona aibu ya jambo hili. Sisi aya tumehifadhi.

Wale walio mbali

Filamu ya tatu ni ya wale wenzetu walio ughaibuni. Inaitwa "The Namesake", ya mwaka 2006, imetokana na riwaya ya Jhumpa Lahiri na imetengenezwa na Mira Nair, mama wa Kihindi ambaye ameishi pia Kampala, jirani zetu hapa. Inaeleza habari za mume na mke kutoka Calcutta wanaohamia Marekani. Baba ameigizwa na Irrfan Khan, aliyefariki mwaka 2020, na mama na Tabu. Usiku mmoja simu inalia, na yule mama anapata habari kwamba baba yake amekufa huko India. Kila mwenye ndugu ughaibuni anaujua mlio wa simu ya usiku.

Miaka inapita, mtoto wao Gogol anakua Mmarekani. Jina alilopewa na baba yake halitaki, nyumba ya wazazi anaiona nzito, na muda wake mwingi anautumia kwa familia ya binti anayempenda. Siku moja baba, akiwa kikazi peke yake Ohio, anajisikia vibaya, anakwenda hospitali mwenyewe, na anafia huko. Gogol ndiye anayekwenda kuutambua mwili na kusafisha chumba cha baba yake. Anakuta viatu vyake, vitu vyake vichache. Ananyoa kichwa, kama alivyomuona baba yake akifanya alipofiwa. Hiyo ni mila yao, si yetu. Lakini nilipomtazama kijana yule katikati ya chumba kitupu, niliwakumbuka vijana wetu walioko Muscat, Dubai, London na Toronto, na nikamkumbuka ndugu yangu.

Ndugu yangu hutuma fedha kila mwezi, Allah amzidishie. Lakini mama akipewa zile fedha huuliza swali moja: "Mwenyewe kasemaje?" Fedha ni wajibu kwa mwenye uwezo iwapo mzazi anahitaji, wala tusizidharau. Hata hivyo mama hakutulea kwa kututumia fedha.

Neno "kwako"

Hebu tuirudie aya tunayoisoma kila siku mpaka ulimi umeizoea, Sura Bani Israil (17), aya ya 23 na ya 24. Allah (SW) ameamrisha tusimuabudu yeyote ila Yeye, na papo hapo akaunganisha na kuwafanyia wema wazazi. Kisha akataja hali maalumu: mmoja wao au wote wawili wakifikia uzee. Na hapo pana neno moja dogo la Kiarabu ambalo tunalipita haraka, "indaka", yaani wakiwa kwako. Mzazi katika utoto wako hukuwa kwako, wewe ndiye uliyekuwa kwake. Sasa mambo yamegeuka, yeye yuko kwako, katika hifadhi yako na kauli yako. Ndipo tunapokatazwa hata neno "uff", ambalo ni pumzi tu ya kuchoka. Na "mwezi ujao" yangu ilikuwa nini, kama si "uff" iliyovalishwa kanzu?

Kisha aya inatufundisha kuwaombea, kwamba Mola awarehemu kama walivyotulea utotoni. Angalia kipimo hicho. Mama alipokuwa akiamka usiku kuninyonyesha, hakuwaita majirani wagawane zamu. Hakusema miezi mitatu imekwisha, sasa aende kwa shangazi. Imepokewa na Imam Bukhari katika kitabu chake cha adabu kwamba Abdullah bin Umar (RA) alimuona mtu wa Yemen akitufu Al-Kaaba amembeba mama yake mgongoni. Yule mtu akauliza kama ameshamlipa. Ibn Umar akamjibu kuwa hajalipa hata uchungu mmoja wa wakati wa kumzaa.

Sisemi kwamba kupokezana kumtunza mzazi ni haramu. Maisha ya mjini tunayajua, vyumba viwili, kodi, watoto, kazi za zamu. Wengine hawana njia nyingine, na kusaidiana ndugu ni jambo jema. Lakini katika kikao chetu kile kizuri, watu watatu tulizungumza saa mbili nzima, na yule mwenye kugawanywa hakuna aliyemuuliza, "Mama, wewe unataka nini?" Wale vijana wa "Baghban" nao hawakuuliza. Tofauti yetu na wao nilikuwa siioni tena.

Tulikwenda Pangani

Wiki ile ile niliomba ruhusa kazini, nikampandisha mama basi la Tanga, na siku ya pili tukafika Pangani. Njia nzima mama alikuwa anasimulia habari za dada yake, jinsi alivyombeba mtoni, jinsi walivyokuwa wakitwanga pamoja. Mkononi alikuwa na khanga mpya aliyomnunulia, aliyoihifadhi tangu kabla ya Ramadhani.

Mama mkubwa alikuwa amekaa barazani. Mama akamwendea, akamshika mikono, akamtajia jina lake. Mama mkubwa akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kwa heshima zote, kama anavyoulizwa mgeni, "Umetoka wapi, mwenzangu?"

Hakumjua. Akili zilikuwa zimemtoka. Binti anayemuuguza akatuambia kwamba mpaka Mfungo Mosi alikuwa na fahamu zake, na kila siku alikuwa akimuulizia mdogo wake kwa jina, lini atakuja. Baadaye akaanza kusahau, mpaka akaacha kuuliza.

Msomaji wangu, nilihesabu miezi pale pale. Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfungo Mosi. Miezi minne ya "mwezi ujao" ambayo lau ningetumia siku tatu tu katika hiyo, dada wawili wangekutana wakajuana. Hilo sina namna ya kulirudisha. Hakuna istighfari itakayomrejeshea mama yangu mazungumzo yale, ingawa namuomba Allah (SW) anisamehe. Mama hakunilaumu. Alimfunga dada yake ile khanga mabegani, akasema, "Alhamdulillah, nimemuona." Na hili ndilo linalonitia hofu. Mzee wa "Baghban" mwisho anakataa kuwasamehe wanawe mbele ya watu. Mama zetu hawafanyi hivyo, wanatusamehe kabla hatujaomba. Kwa hiyo hatutishiki, tunaendelea.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, nilimuuliza mama anataka nini. Akasema anataka kubaki pale na dada yake. Niliwapigia ndugu zangu. Kaka alinuna kidogo, dada akalia, yule wa Muscat akanyamaza kisha akasema atapanga safari. Tumebadilisha mabati ya chumba, tumeongeza posho ya yule binti, na sasa zamu ni zetu, si za mama. Kila mwisho wa mwezi mmoja wetu anakwenda. Si jambo la kujisifia, ni deni linaloanza kulipwa kwa kuchelewa. Mama kila asubuhi anajitambulisha upya kwa dada yake, kisha wanakunywa chai.

Nasaha

Nimalizie kwa nasaha, kwangu kwanza na kwenu. Muslim amepokea kuwa Mtume (SAW) alirudia mara tatu kumtaja kwa hasara mtu anayewadiriki wazazi wake uzeeni, mmoja wao au wote wawili, kisha asiingie Peponi. Mlango uko sebuleni, unasubiri tasbihi yake imalizike.

Ukiangalia filamu ikakuliza, usijivunie machozi yako. Yaulize yanamhusu nani. Kabla hayajakauka, inuka ufanye jambo moja: piga simu, tengeneza miwani, kata tiketi, au kaa tu umsikilize mzee hadithi aliyokwisha kukusimulia mara kumi. Kama wazazi wamekwisha tangulia, mlango haujafungwa. Muslim amepokea kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika ila tatu, na mojawapo ni mtoto mwema anayemuombea. Na Ibn Umar (RA) alimpa bedui mmoja punda wake na kilemba chake njiani kwa sababu tu baba wa bedui yule alikuwa rafiki wa baba yake. Watafuteni marafiki wa wazazi wenu, na dada zao.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyachelewesha. Warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Na usiyajaalie machozi yetu kuwa kama ya nduguze Yusuf usiku ule. Amin.

Wabillahi tawfiq.